Kuchagua tashtiti ya siasa yenye nyimbo: Of Thee I Sing, Opera ya Senti Tatu au Urinetown?

Kila Agosti kikundi chetu cha sanaa hapa Moshi hukaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa parokia na kubishania jambo moja: Desemba tunapanda jukwaani na nini? Desemba ndiyo msimu wetu. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, barabara za kupanda Marangu, Kibosho na Machame zinajaa magari, na watu waliokwisha kula, kunywa na kusalimiana wanatafuta pa kwenda jioni. Safari hii tulikubaliana mapema kwamba tunataka siasa, vicheko na nyimbo, vyote kwa pamoja: tashtiti, yaani mchezo wa kuwakejeli wenye madaraka. Hapo ndipo tulipokwama. Tamthilia tatu zilibaki mezani, kila moja na watetezi wake. Wiki iliyofuata wenzetu wa kikundi kimoja cha Arusha walinipigia simu, kumbe nao wamekwama kwenye hizo hizo.

Zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni Of Thee I Sing ya Marekani, iliyoonyeshwa mara ya kwanza 1931; jina lake limekatwa kutoka wimbo wa kizalendo wa Wamarekani. Ya pili ni Die Dreigroschenoper ya Ujerumani, ya 1928, ambayo hapa nitaiita Opera ya Senti Tatu. Ya tatu ni Urinetown, Marekani tena, ya 2001. Kwetu kikundini hii ya mwisho ilishapata jina kabla hata haijachaguliwa: Mji wa Mkojo.

Nitazipima zote kwa mizani moja, na mizani yenyewe ina mawe manne.

Kwanza, maisha yake jukwaani. Tashtiti ya siasa huchacha upesi kuliko mchezo wowote. Mtunzi George S. Kaufman, mmoja wa waliotunga Of Thee I Sing, anakumbukwa kwa kusema kwamba tashtiti ni kitu kinachofungwa Jumamosi usiku, yaani haimalizi hata wiki. Kwa hiyo kabla ya kuipenda hadithi, tazama ilipita wapi: ilipokelewaje ilipokuwa mpya, na ilipofufuliwa miaka ishirini baadaye watu walicheka au walipiga miayo?

Pili, nani anachekwa. Ni mtu, ni cheo, au ni sisi tuliokaa kwenye viti? Kwangu hili ndilo jiwe zito kuliko yote. Mtazamaji hacheki kitu asichokijua. Umaarufu wa tamthilia huko New York au Berlin hautamsaidia mama aliyelipa kiingilio Majengo.

Tatu, nyimbo, watu na gharama. Nne, ikivaa Kiswahili inakaaje. Tafsiri ya tamthilia ni kazi ya kisiasa hata mwenyewe usipotaka. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri The Merchant of Venice mwaka 1969, yule mfanyabiashara wa Shakespeare aligeuka kuwa mabepari, Mabepari wa Venisi, na Mtanzania wa miaka ile, Azimio la Arusha likiwa bado bichi, alielewa mchezo unahusu nini kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

OF THEE I SING

John P. Wintergreen anagombea urais wa Marekani na chama chake hakina sera. Wakubwa wa chama wamejifungia hotelini wanakuna vichwa, mwisho wanamuuliza mhudumu wa vyumba ni kitu gani watu wanakijali kuliko vyote. Anajibu pesa. Wanamwomba ataje kingine. Anasema mapenzi. Basi, sera imepatikana: yatafanyika mashindano ya urembo kule Atlantic City, na mshindi ataolewa na mgombea. Anashinda Diana Devereaux, lakini moyo wa Wintergreen umeshaangukia kwa Mary Turner, msichana wa ofisini anayejua kuoka vikeki vya mahindi. Anaingia Ikulu na Mary. Diana anadai haki yake, Ufaransa inamtetea kwa sababu ana tone la damu ya Napoleon lililopitia kwa wanaharamu kadhaa, na Seneti inaanza kumwondoa rais madarakani. Kinachomwokoa ni tangazo la Mary kwamba ni mjamzito.

Maisha yake jukwaani. Ilifunguliwa ukumbi wa Music Box, New York, tarehe 26 Desemba 1931, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi. Ilionyeshwa mara 441. Mwaka 1932 ikawa tamthilia ya kwanza ya nyimbo kupata tuzo ya Pulitzer ya tamthilia, waliotuzwa wakiwa Kaufman, Morrie Ryskind na Ira Gershwin aliyeandika maneno ya nyimbo. Kaka huyo, Ira, alipata. Mdogo wake George aliyetunga muziki wote aliachwa, kwa kuwa tuzo ilihesabiwa ni ya maandishi. George alikufa 1937. Pulitzer ilimkumbuka kwa tuzo maalumu mwaka 1998, miaka mia moja tangu azaliwe. Kila nikiisoma habari hiyo nawafikiria wapiga kinanda wote wa kwaya ninaowajua.

Lakini historia yake ina pande mbili zaidi, na kikundi kinachochagua lazima kizijue. Kabla yake, watu hao hao walikuwa wamejaribu Strike Up the Band, kejeli ya Marekani kwenda vitani na Uswisi kwa ajili ya ushuru wa jibini. Mwaka 1927 ilikufa Philadelphia kabla ya kufika New York. Ikabidi Ryskind ailainishe, jibini ikawa chokoleti, vita vikawa ndoto, na 1930 ikapata maonyesho 191. Baada yake, 1933, walileta mwendelezo, Let 'Em Eat Cake, ambamo Wintergreen anashindwa uchaguzi, anaanzisha mapinduzi ya mashati ya buluu, na makamu wake anakaribia kukatwa kichwa. Watu waliokuja kucheka walikuta giza: maonyesho 90 tu. Na Of Thee I Sing yenyewe ilipofufuliwa 1952, mwaka wa uchaguzi, ikifikiriwa kwamba wakati wake umerudi, ilifungwa baada ya maonyesho 72. Mimi nasoma hivi: ilipendwa ilipokutana na watu waliochoka na ahadi lakini hawajakata tamaa. Hali hiyo ya moyo haidumu mwaka mzima mahali popote.

Nani anachekwa. Cheo. Chama cha Wintergreen hakitajwi jina, kwa hiyo hakuna upande unaotoka ukumbini umenuna. Anayebaki kichwani ni makamu wa rais, Alexander Throttlebottom, aliyepatikana kwa kuchomolewa jina kwenye kofia. Hakuna anayemkumbuka. Anataka kujiunga na maktaba lakini wanadai wadhamini wawili na yeye hana. Mwishowe anaingia Ikulu kwa kujichanganya na watalii, na ni mtembezaji wa watalii anayemfahamisha kwamba kazi ya makamu ni kuongoza Seneti. Tulikisoma kipande hicho kwa Kiswahili tukiwa kumi na wanne. Mzee wetu wa besi, aliyekuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika kwa miaka mingi, alicheka hadi akavua miwani, kisha akanyamaza, akasema, "Huyu nimefanya naye kazi." Arusha kipande hiki kitapata maisha ya ziada, maana pale kila nyumba ina mtu anayetembeza watalii.

Nyimbo, watu na gharama. Hapa ndipo shida ilipo. Ni tamthilia ya umati: maseneta, waandishi wa habari, warembo, wapiga kampeni, majaji tisa wa Mahakama ya Juu wanaojihesabu kwa kuimba. Muziki wake umefungamana na matendo kiasi kwamba mwisho wa kitendo cha kwanza ni kipande kirefu cha kuimbwa, na hukatizi bila kuvunja. Unahitaji kwaya ya kweli inayosoma nota. Bahati yetu ni kwamba kwaya za namna hiyo mikoa hii ya kaskazini inazo, na maandamano ya kampeni ya mwanzo yanalilia matarumbeta. Mtu aliyekulia karibu na usharika wa Kilutheri wenye bendi ya tarumbeta atajua mara moja nina maana gani. Mavazi ni mengi, ila suti nyeusi na majoho ya kwaya yatatosha majaji na maseneta wote.

Ikivaa Kiswahili. Vizuri kuliko nilivyotegemea, na mahali pagumu ni pamoja tu: vikeki vya mahindi. Mahakama inaulizwa kipi kina uzito, vikeki hivyo au haki, nayo inaamua kwamba ni vikeki. Tulijaribu vitumbua, tukajaribu mkate wa kumimina, havikuleta kitu. Dada mmoja wa sauti ya kwanza akasema, "Mwalimu, si aseme mtori?" Ukumbi mzima uliitikia. "Mtori au haki?" Mtori ni ile supu yetu ya ndizi na nyama; kwa Moshi hakuna la kuongeza. Kuhusu ukoo wa Napoleon, wapo waliotaka tuugeuze uwe ukoo wa Mangi, mtawala wa jadi wa Wachaga. Nilikataa na ningewashauri nanyi mkatae: koo hizo zina wajukuu walio hai, wanakuja kanisani, na utani wa damu haramu hauna mahali pale. Napoleon abaki Mfaransa.

Inawafaa nani. Kwaya kubwa yenye nidhamu, yenye watu kuanzia thelathini na mwongozaji wa muziki anayejua kazi yake, inayotaka ukumbi uliojaa familia, babu hadi mjukuu.

OPERA YA SENTI TATU

Hii haina mtu mwema. Peachum anaendesha biashara ya ombaomba mjini London: anawapa matambara, vidonda bandia na mitaa ya kuombea, kisha anachukua fungu lake. Binti yake Polly anaolewa kwa siri na jambazi Macheath. Peachum anataka Macheath anyongwe, lakini mkuu wa polisi ni rafiki wa jambazi huyo tangu jeshini. Ili kumlazimisha polisi, Peachum anatishia kumwaga ombaomba wote barabarani siku ya kutawazwa malkia. Macheath yuko chini ya kitanzi ndipo anapokuja mjumbe wa malkia juu ya farasi: amesamehewa, amepewa cheo, ngome na pensheni ya pauni elfu kumi kwa mwaka.

Maisha yake jukwaani. Hakuna kati ya tatu hizi yenye ukoo mrefu kama huu. Bibi yake ni The Beggar's Opera ya John Gay, London, Januari 1728, ambayo kila mtu alijua inamlenga waziri mkuu Robert Walpole, ingawa hakutajwa jina. Ilionyeshwa mara 62 msimu wa kwanza, jambo lisilosikika wakati ule. Gay alipoandika mwendelezo, Polly, serikali iliuzuia usipande jukwaani. Akauchapa kitabu na ukauzika sana. Mwaka 1737 ikaja sheria ya kukagua michezo yote ya kuigiza.

Miaka mia mbili baada ya Gay, Elisabeth Hauptmann aliitafsiri kwa Kijerumani, Bertolt Brecht akaisuka upya, Kurt Weill akatunga muziki. Ilifunguliwa Berlin, ukumbi wa Theater am Schiffbauerdamm, 31 Agosti 1928, na Ujerumani nzima ikawa inaimba nyimbo zake. Wanazi walipoingia madarakani 1933 waliipiga marufuku. Mwaka huo huo ilipelekwa New York ikafa baada ya maonyesho 12. Kisha 1954, kwa tafsiri mpya ya Marc Blitzstein, ilirudi New York katika ukumbi mdogo wa Theater de Lys, na ikijumlishwa hadi 1961 ilionyeshwa mara 2,707. Tamthilia ile ile, mji ule ule: 12, halafu 2,707. Lugha ilikuwa imepata mtu wa kuisemesha. Kwa yeyote anayekusudia kutafsiri, hesabu hiyo inastahili kubandikwa ukutani.

Afrika nayo ilishaichukua. Wole Soyinka aliionyesha Opera Wonyosi chuoni Ife, Nigeria, mwaka 1977. Aliwaweka Wanaijeria waliokimbilia Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakati Bokassa akijitawaza kuwa mfalme mkuu, na jina lake ni la kitambaa cha lesi cha bei ya kutisha kilichokuwa fasheni Nigeria enzi za neema ya mafuta. Kutawazwa kwa malkia kukawa kutawazwa kwa Bokassa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Nani anachekwa. Mfumo mzima, na sisi ndani yake. Mwizi, polisi na mfanyabiashara wanakula sahani moja. Kicheko chake ni cha kukwama kooni. Jueni hilo kabla ya kuwaalika wazazi wa wanafunzi, kwa sababu sehemu ya hadithi iko danguroni na haiwezi kuondolewa hadithi ikabaki.

Nyimbo, watu na gharama. Bendi ya kwanza ya Berlin ilikuwa ya wanamuziki saba waliobadilishana vyombo. Waigizaji wanaoimba wanatakiwa kuliko waimbaji wanaoigiza. Sauti ya kukwaruza si kasoro hapa. Mavazi ni mitumba, na soko la Memorial liko hatua chache. Mandhari ni mabango yaliyoandikwa kwa mkono yanayotangaza kitakachotokea. Umeme ukikatika, mnawasha karabai na kuendelea, na pengine inapendeza zaidi.

Ikivaa Kiswahili. Inavaa kama ilishonewa hapa, kwa sharti kwamba mtafsiri awe mshairi. Nyimbo za Brecht zina ukali wa mashairi ya kujibizana, na Kiswahili kina silaha hizo tangu zamani. Lakini tafsiri ya neno kwa neno itaua kila kitu.

Inawafaa nani. Kikundi cha watu wazima, waigizaji kumi hadi kumi na watano walio tayari kuchukiwa kidogo na watazamaji wao, hasa mjini Arusha penye hadhira iliyozoea maonyesho ya namna nyingi.

URINETOWN

Ukame umedumu miaka ishirini. Vyoo vya nyumbani vimepigwa marufuku, kila mtu lazima alipe kutumia choo cha umma, na vyoo vyote viko mikononi mwa kampuni moja ya bwana Caldwell B. Cladwell. Anayejisaidia vichakani anapelekwa Mji wa Mkojo, ambako hakuna aliyewahi kurudi. Kijana Bobby Strong, msaidizi kwenye choo cha maskini, anaongoza uasi baada ya baba yake kukamatwa. Anampenda Hope, binti wa Cladwell. Nasema mwisho wake waziwazi kwa sababu uchaguzi wenu unautegemea: Bobby anauawa, Hope anaupindua utawala wa baba yake, vyoo vinakuwa bure, watu wanashangilia, na maji yanakwisha. Wanakufa.

Maisha yake jukwaani. Mafupi lakini ya kutia moyo vikundi vidogo. Greg Kotis alipata wazo akiwa msafiri asiye na pesa mjini Paris, akihesabu sarafu kabla ya kuingia choo cha kulipia. Yeye na Mark Hollmann waliitoa kwenye tamasha la majaribio la New York mwaka 1999. Ikapanda hadi Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York. Ilikuwa ifunguliwe 13 Septemba 2001, mashambulizi ya tarehe 11 yakaisukuma hadi tarehe 20. Wengi walihofia kwamba hakuna atakayecheka katika mji ule, mwezi ule. Ilidumu hadi Januari 2004, maonyesho 965, na 2002 ikapata tuzo tatu za Tony, tuzo za michezo ya Broadway: hadithi, nyimbo na uongozaji.

Nani anachekwa. Kwanza kampuni na wanasiasa waliowekwa mfukoni, baadaye waasi wenyewe, na mwisho kila anayeamini kwamba kumwondoa mbaya ni sawa na kutatua shida.

Niruhusuni nieleze nilichokiona kwenye stendi moja ya mkoa wetu asubuhi ya mvua, mwaka jana. Mlangoni pa choo palikuwa na meza ndogo, juu yake bakuli la plastiki lenye sarafu, na vipande vya karatasi vilivyokunjwa vikakunjwa tena ili rola moja ihudumie watu wengi. Mama wa makamo amekaa nyuma yake, kanga imemfunika mabega. Akaja kijana wa kupakia mizigo, ameloa, anahama mguu huu kwenda huu.

"Mama, naomba nipite, nitakulipa nikirudi."

"Mwanangu, ingekuwa kwangu ungepita. Jioni nahesabiwa mimi."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameshazitazama sarafu za bakuli mara mbili, akipima kama ile ya kijana inaweza kufichika kati yake. Nikatoa sarafu mbili, yake na yangu. Miezi baadaye niliposoma Urinetown na kukutana na Penelope Pennywise, msimamizi mkali wa choo cha maskini, nikajua namna ya kumwongoza mwigizaji: asiwe katili, awe mtu anayehesabiwa jioni. Jukwaa la Broadway halikuwa na faida hiyo tuliyonayo. Kule choo cha kulipia ni kichekesho cha kubuni. Hapa mtazamaji atakuwa amekilipia siku ile ile akishuka basi.

Nyimbo, watu na gharama. Waigizaji wa awali walikuwa karibu kumi na sita, bendi ya watu watano: kinanda, vyombo vya kupuliza, tromboni, besi na ngoma. Kwa Moshi na Arusha hiyo ni bendi ya harusi. Mandhari ni mlango mmoja na meza.

Ikivaa Kiswahili. Hadithi inakaa vizuri mno, ila sehemu ya ucheshi wake inaitania Broadway yenyewe, kwa kuiga mitindo ya tamthilia za nyimbo ambazo watazamaji wetu hawajaziona. Utani huo utapita juu ya vichwa. Polisi msimulizi, Lockstock, na mtoto Sally wanaojadili mchezo huku unaendelea wanaweza kubaki, maana hadithi zetu za jioni zimejaa watoto wanaomkatiza msimulizi. Tatizo la pili ni heshima: maneno ya haja ndogo mbele ya wakwe. Tulijaribu "kujisaidia" na "kwenda haja", na nyimbo zikapoa. Hakuna njia ya katikati. Mkiichagua, mkubali neno mkojo liimbwe kwa sauti nne.

Inawafaa nani. Vijana, wanafunzi wa vyuo, kikundi kipya chenye fedha kidogo na nguvu nyingi. Pia mji wowote wenye mgao wa maji.

KABLA YA KUCHAPA TIKETI

Michezo ya jukwaani bado inaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na shughuli za sanaa zinahitaji mkono wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Nendeni mapema kwa afisa utamaduni wa halmashauri, mkiwa na mswada mzima wa Kiswahili mkononi, si muhtasari. Mswada unaosomeka hujieleza wenyewe kuliko mnavyoweza kuueleza ninyi. Na haki za watunzi msizipuuze: Kotis na Hollmann wako hai, na kazi ya Gershwin na ya Brecht ina wasimamizi. Ruhusa ya kuonyesha ni moja, ya kutafsiri ni nyingine. Ombeni zote mbili kwa maandishi, miezi kadhaa kabla.

KWA HALI YENU

Kama mna kwaya na muda wa miezi minne, na mnataka ukumbi ucheke bila mtu kuondoka na kinyongo, Of Thee I Sing itawalipa. Epukeni tu kuitoa wiki za kampeni halisi. Kila bango la jukwaani litasomwa kama bango la mtu fulani.

Kama mnaye mshairi ndani ya kikundi, mtu anayeweza kufunga kina usiku mmoja na kukirarua asubuhi, Opera ya Senti Tatu ni yenu. Kama hamnaye, iacheni kwa sasa, hata kama mna waigizaji bora kuliko wote mkoani. Mkumbuke zile 12.

Kama wengi wenu mko chini ya miaka thelathini, bajeti yenu ni michango ya kila Jumamosi, na mnataka watazamaji wabishane hadi kwenye daladala, chukueni Urinetown. Msiukate mwisho wake. Nimeshasikia pendekezo la kumalizia pale vyoo vinapofunguliwa watu wakiimba. Mkifanya hivyo mmebakiza hadithi ya kumfukuza tajiri, na hizo zipo tele.

Shule za sekondari: Of Thee I Sing, vipande vya makamu wa rais na majaji peke yake, dakika arobaini, nako ni baada ya kupata ruhusa ya kukata.

Kikundi chetu kimegawanyika bado, kura tisa kwa tano, na sitasema kwa ipi maana wale watano wana hoja nzuri.

Na kama hamna senti ya haki za mtunzi, wala bendi, rudini kwa bibi. John Gay alikufa 1732. The Beggar's Opera haina wa kuidai. Nyimbo zake 69 karibu zote hazikuwa na muziki mpya: alichukua tuni ambazo watu wa London walikuwa wakiziimba tayari, akazivalisha maneno yake. Anzeni na orodha ya tuni za jadi ambazo kila mtu wa Majengo, Pasua au Kaloleni anazijua bila kufundishwa. Sisi tulipoziandika ubaoni kwa mchezo tu, tulifika ishirini na tatu kabla chai haijachemka.